Kipande Kilichotiwa Kutu

Jambo ambalo Inspekta Odile Thonnard hakupata namna nzuri ya kuliandika kwenye taarifa yake ni kwamba watu walicheka kwanza. Mashahidi wote walilikubali, kila mmoja kwa aibu yake. Hubert Delrez alipigwa risasi mezani kwake, katika kijiji cha bondeni cha Nessonvaux, mbele ya sahani ya vibonge vya nyama ambavyo hata havijapoa. Alishika kifua, akalalia upande wa kiti, sawasawa na alivyokuwa akifanya Jumapili zote. Majirani waliokuwa wamealikwa wakapiga makofi. Mkwewe, Marcellin Crahay, akabaki amesimama na bastola mkononi, akingoja mzee ainuke adai glasi yake ya pombe kali.

Mzee hakuinuka.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa zamani, na bonde zima liliujua. Chakula kikishapakuliwa, Marcellin huitungua ile bastola ya silinda iliyotundikwa ukutani, humwelekezea baba mkwe wake na kumwambia asali sala ya mwisho, kisha huvuta triga. Triga ilikuwa imelegea kama jino bovu, haisukumi kitu. Marcellin hutoa mlio kwa mdomo, mzee hujiangusha, watu hucheka. Bastola ilikuwa chuma kilichokufa tangu kabla Marcellin hajaoa katika nyumba ile. Huo ndio ulikuwa utetezi wake, na hakuwa na mwingine.

Hakimu wa uchunguzi hakuridhika nao. Marcellin aliendesha kampuni ya mzee ya kuezeka paa, na juma lile walikuwa wamegombana mbele ya vibarua. Isitoshe, yeye mwenyewe alisema, bila kuulizwa, kwamba siku ile triga ilikuwa nzito kidogo kuliko kawaida, akadhani ni kutu, akaivuta kwa nguvu zaidi. Hakimu aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, kisha akairudia. Alisema mtu anayesikia uzito na kuendelea kuvuta anajua anachokivuta. Alitaka kumfungulia mashtaka ya kuua kwa kukusudia, na alimpa Odile muda mfupi amletee sababu ya kutofanya hivyo.

Odile hakubishana naye. Alikwenda maabara, akaomba bastola ifunguliwe mbele yake.

Ndani, vipande vyote vilikuwa na rangi moja ya kahawia, kama tumbaku. Fundi wa maabara alivitoa kimoja kimoja kwa kibano, akavipanga juu ya kitambaa cheupe. Viwili havikuzeeka kama vingine. Kimoja kilikuwa springi inayoirusha nyundo, kile chuma kinachoigonga risasi. Cha pili kilikuwa kidogo kuliko ukucha, kiungo kinachoifanya triga inapovutwa iinue nyundo bila kidole gumba kuigusa. Kwa nje navyo vilikuwa vya kahawia, ila kutu yake ilikuwa ya juujuu. Fundi alikwaruza kidogo kwa sindano, na chini yake chuma kikameta. Mtu alikuwa ametengeneza vipande vipya, kisha akavitia kutu makusudi. Kwenye pembe ya kile kiungo kulikuwa na kitu kingine, chembe ya nta ya waridi.

Wakili wa Marcellin alikuwa na jina la mshukiwa tayari: Lambert Hanquet. Babu yake Lambert ndiye aliyeitengeneza bastola ile, nyumbani, enzi ambazo kila nyumba ya bonde lile ilikuwa na jiliwa la kubania chuma kando ya dirisha na viwanda vya mjini vikinunua vipande vilivyochongwa majumbani. Lambert alikuwa ameiomba mara kadhaa kwa Delrez, Delrez akamfukuza. Na ilijulikana kwamba Lambert alikuwa na tupa za babu yake na alizitumia, akiwachongea watu vipande vya bastola za kale ambavyo hakuna duka linaloviuza tena.

Odile alimkuta kwenye karakana nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, redio ikitangaza matokeo ya mbio za njiwa. Hakuinuka, ila alizima redio.

Lambert, naye mzee, alieleza habari zake bila kuficha. Ndiyo, aliitaka bastola ya babu yake. Ndiyo, alimtukana Delrez kwenye baa, na wala hajutii. Lakini hajashika tupa tangu alipofanyiwa upasuaji wa jicho, na lile lingine limefuata njia ileile. Odile alitazama meza ya kazi. Tupa zilikuwa zimepangwa vizuri, zimepakwa grisi, na juu ya grisi kulikuwa na vumbi lililoganda. Jiliwa lilikuwa limefunguliwa wazi, na buibui alikuwa amefunga utando kutoka taya hadi taya. Odile aliugusa utando kwa ncha ya kalamu. Ulikuwa wa siku nyingi.

"Ungekuwa unaona," alimuuliza, "ungemtengenezea?"

"Delrez? Nisingemtengenezea hata kitasa cha choo." Mzee alifikiri. "Lakini ile bastola ningeitengeneza. Yeye na chuma ni vitu viwili."

Alipoambiwa kuhusu nta ya waridi, alicheka peke yake. Alisema watu wa kazi hiyo waliobaki bondeni wanatosha kwenye benchi moja la kanisa, na mmoja tu kati yao alijifunza kazi kwenye midomo ya watu. Nta ya namna hiyo hutumika kutengenezea meno ya bandia. Amtafute Fernande Closset, kule Fraipont, nyumba iliyopakana na reli.

Kabla ya kutoka, Odile alimuuliza kama Fernande angeweza kuchonga kipande cha kuua mtu. Mzee akajibu kwamba Fernande anachonga kipande kinachoombwa, na kwamba swali hilo aulizwe aliyeomba. Kisha akawasha redio yake.

Fernande Closset alikuwa mjane mnene, mcheshi, aliyestaafu kwenye maabara ya meno ya Verviers. Karakana yake ilikuwa chumba cha kufulia. Mashine ya kerezo ya kuchongea chuma, ndogo kama ya kushonea, ilikaa juu ya mashine ya kufua, na wakati wa kufua ilihamishiwa kitandani. Bastola mbili za wateja zilikuwa zimefunguliwa kwenye trei za kuokea keki. Alimkaribisha Odile kahawa, akamuuliza kama ana cha kutengeneza. Alipoona kitambulisho cha polisi, akaikausha mikono yake kwenye aproni, ingawa haikuwa na maji.

Odile aliweka picha ya kile kiungo mezani. Fernande hakuhitaji miwani.

"Cha kwangu hicho," alisema. "Kilinitesa majira yote ya baridi."

Alieleza jinsi alivyofanya, kwa kuwa alipenda kueleza. Kipande cha zamani kilikuwa kimevunjika, na nusu yake haikuwepo. Kwanza alichonga umbo lake kwa nta, kama anavyochonga jino, akakijaribu ndani ya bastola, akapunguza hapa, akaongeza pale, mpaka nta ikakaa. Ndipo akakata chuma kwa kufuata nta. Mara ya kwanza kilikuwa kifupi. Mara ya pili kilipasuka alipokichoma ili kukikomaza. Cha tatu kilikaa. Bastola haikujaribiwa kwa risasi, kwa sababu yeye hana risasi nyumbani na hazitaki. Mteja alisema itarudi ukutani, basi.

Gazeti lilikuwa limeandika habari za ajali Nessonvaux. Fernande alizisoma, akamhurumia marehemu, akageuza ukurasa. Mteja wake alikuwa amejitambulisha kwa jina la Lejeune, na hakusema anatoka wapi.

"Mwanamume?"

"Mwanamke. Mtu mzima, mpole. Aliniletea na tati ya wali, ile keki ya mchele na maziwa, ameipika mwenyewe."

Odile alimpangia picha za wanawake kadhaa, akiwemo mmoja wa posta na mmoja wa ofisini kwake mwenyewe. Fernande aliweka kidole kwenye moja bila kusita. Alikuwa Ghislaine, binti wa Hubert Delrez na mke wa Marcellin Crahay.

Odile hakuonyesha chochote usoni. Aliuliza maswali ambayo angeyauliza kwa vyovyote: alikuja mara ngapi, alikuja na nani, alisema bastola ni ya nani. Fernande alijibu kwamba alikuja peke yake mara nyingi, kila mara akiondoka na bastola siku ileile, na kwamba ilikuwa zawadi ya kumshtukiza baba yake. Halafu akaanza kusugua kidoa ambacho hakikuwepo kwenye kitambaa cha meza.

"Kulikuwa na kitu sikukielewa," alisema. "Watu wanaotengenezewa zawadi wanataka ing'ae. Mimi nilitaka kuing'arisha. Yeye akasema hapana, iache ilivyo, na hivyo vipya nivitie kutu vifanane na vya zamani. Nikamwambia, bibie, sasa baba yako atajuaje kama imetengenezwa? Akasema, atajua."

Odile aliandika. Fernande aliendelea, sasa kwa sauti ya chini zaidi. Alikuwa amempendekezea mteja kazi nyepesi. Angefanya springi tu, na bastola ingefanya kazi kwa kuikoki kwanza nyundo, yaani kuivuta nyuma kwa kidole gumba, kama wanavyofanya watu wengi wenye bastola za zamani. Kile kiungo kidogo kisingehitajika hata kidogo. Mteja alikataa kabisa.

"Alikwambia kwa nini?"

"Alisema, 'Yeye hakoki. Huwa anavuta tu.' Na akaniomba triga iwe laini."

Treni ilipita, vikombe vikatetemeka kwenye sahani zake. Odile alingoja ipite, akamwomba Fernande ayarudie maneno hayo polepole, akayaandika kama yalivyo, akamsomea. Fernande alitia sahihi. Odile alipofika mlangoni, Fernande alimuuliza kama atafungwa. Odile alimwambia ukweli, kwamba hafikirii hivyo, lakini anayeamua si yeye. Fernande aliitikia kwa kichwa, kisha akarudi ndani, akazifunika zile trei mbili kwa taulo.

Asubuhi iliyofuata Odile alikwenda Nessonvaux na askari mmoja, akamwacha askari ndani ya gari. Ghislaine Crahay alikuwa sebuleni akizitenga nguo za baba yake: za kugawa upande huu, za kuchoma upande ule. Alikuwa amevaa sweta la kijivu, nywele zimebanwa. Ukutani palikuwa na ndoano mbili tupu, na chini yake kabati la kioo lililokuwa na medali za njiwa na kisanduku cha risasi za kale, ambacho polisi walikuwa wameshakichukua. Alimimina kahawa bila kuuliza na kukata tati ya wali. Odile hakuigusa.

Alianza mbali. Aliuliza kuhusu mikono ya marehemu. Ghislaine alisema jongo lilikuwa limeimaliza, vidole havikunjiki, na kwa miaka ya mwisho yeye ndiye aliyemkatia nyama. Je, mzee aliwahi kuishika bastola? Hapana, hakuweza kushika hata kijiko vizuri. Aliwahi kutaka itengenezwe? Hapana. Alisema kitu cha kale kikiguswa kinakufa, na aliwahi kumfukuza mtu aliyetaka kuipaka mafuta.

Odile aliyaandika majibu yote, akamwomba ayasome na kuyatia sahihi. Ghislaine aliyasoma kwa makini, akasahihisha tahajia ya jina la daktari, akatia sahihi.

Ndipo Odile akaweka mezani picha ya kile kiungo.

Ghislaine aliitazama. Alisema, bila sauti yake kubadilika, kwamba alikuwa ameipeleka kwa fundi ili kumfurahisha baba, na kwamba hakusema kwa sababu aliogopa kulaumiwa kwa ajali. Odile akamuuliza ni furaha gani ya mtu anayekataza kitu kisiguswe. Ghislaine akasema wazee hubadilika. Odile akamuuliza kwa nini zawadi itiwe kutu. Ghislaine akasema baba alipenda sura ya zamani. Yote yalijibika. Mwanamke huyu alikuwa ameyapitia majibu hayo mwenyewe, pengine huku akipiga pasi.

"Ulimwambia fundi, 'Yeye hakoki, huwa anavuta tu,'" Odile alisema. "Baba yako hakuweza kushika kijiko, umeniambia sasa hivi. Huyo anayevuta ni nani?"

Ghislaine aliichukua shati iliyokuwa mapajani, akaikunja mikono kwa ndani, akailaza juu ya zile za kugawa. Akachukua nyingine.

"Kaa kimya ukitaka," Odile alisema. "Una haki hiyo, na una haki ya wakili."

"Nimekaa kimya miaka mingi," Ghislaine alijibu. "Sijaona faida yake."

Aliyasimulia mengine kwa mpangilio, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kituo cha treni. Majira ya kupukutika majani yaliyopita alikuwa amepata kazi katika mji wa Spa, kusimamia hoteli ndogo, na chumba cha kulala humohumo. Hakuwa amewahi kuomba kazi kabla ya hapo. Aliwaambia Jumapili, wakati wa kahawa, mbele ya wageni. Baba yake akamtazama Marcellin, akamwambia aitungue bastola, maana kuna mtu anataka kutukimbia. Marcellin akaitungua. Safari hiyo alimwelekezea yeye. Akatoa mlio wake kwa mdomo, na wote wakacheka mpaka mmoja wa majirani akapaliwa. Hoteli ikampa mtu mwingine, kwa sababu yeye hakwenda. Nani angemkatia mzee nyama?

"Ungeweza kuondoka tu."

"Ndiyo," Ghislaine alisema. "Hilo nalo nililifikiria."

Majirani walioitwa mezani ndio waliokuwa mashahidi wake, kwa kuwa wangesema waliyoyaona. Baba angekwenda kaburini, mume angekwenda gerezani, na hakuna ambaye angemuuliza mpishi. Mara ya mwisho aliirudisha bastola ukutani usiku Marcellin alipokuwa kwenye mkutano wa klabu ya njiwa, akatia risasi matundu yote, akaifuta vumbi la pembeni na kuliacha la juu.

Odile aliuliza ilikaa pale kwa muda gani kabla ya siku ile.

"Wiki kadhaa. Jumapili ya kwanza mzee alikuwa na mafua, hakushuka. Ya pili walitoka mapema kwenda kuwapokea njiwa. Nyingine sikumbuki." Aliikunja shati ya mwisho. "Kila Jumapili nilitandika meza. Kila Jumapili ningeweza kuzitoa zile risasi. Nilisema, nikiona huruma nitazitoa."

Odile aligeuza ukurasa wa daftari.

"Sikuiona," Ghislaine alisema.

Odile alimsomea maneno ya kukamatwa. Askari aliitwa. Ghislaine alivaa koti lake, akabadilisha viatu, akazima jiko. Alimuonyesha askari rundo lipi ni la kugawa na lipi ni la kuchoma, ili wasije wakachanganya.

Hakimu aliisoma taarifa amesimama. Aliposhuka hadi maneno ya fundi alikaa. Hakusema kitu kuhusu triga nzito. Alitia sahihi hati ya kumwachia Marcellin Crahay, akampa Odile mwenyewe aipeleke.

Marcellin alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha mahabusu, mtu mkubwa wa mabega mapana ambaye kwa siku chache alikuwa ameporomoka ndani ya ngozi yake. Walimrudishia mkanda na kamba za viatu. Odile alimwambia yuko huru, kisha akamweleza sababu, bila kuizungusha, kwa kuwa angeisoma gazetini kesho yake. Alimwambia kuhusu fundi wa Fraipont na kile kipande. Alimwambia kuhusu hoteli ya Spa na Jumapili ile ya kahawa.

Marcellin alisikiliza akiwa ameinama, akijaribu kupenyeza kamba kwenye tundu la kiatu. Ilikuwa imechanua nyuzi ncha yake na haikupenya. Aliilowesha kwa ulimi, akajaribu tena. Odile alidhani hajasikia, akataka kurudia.

"Nimesikia," Marcellin alisema.

Aliisokota ncha ya kamba kwa vidole.

"Mara ya kwanza kabisa nilipoitungua, nilikuwa nimekuja kuposa. Mzee alinikazia macho mezani, mimi naogopa. Nikaitungua nikafanya vile ili yeye acheke. Ghislaine." Aliiweka kamba mapajani. "Alicheka sana siku hiyo. Nikaona, basi, kumbe hiki anakipenda."

Odile alimwambia gari liko nje, atapelekwa nyumbani. Marcellin aliuliza kama lazima iwe nyumbani.